Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafunzo ya Afya ya Akili kwa Watumishi wa Zahanati na Vituo vya Afya, Moshi

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka kabla ya mkutano mkuu utakaofanyika hapa Moshi. Masuala ya ada, rambirambi na mfuko wa kusaidiana yameelezwa katika taarifa za katibu na mweka hazina, nami sitayarudia. Nitajikita katika kazi moja iliyochukua sehemu kubwa ya muda na fedha zetu, nayo ni kuwafundisha wanachama walioko kwenye zahanati na vituo vya afya kutoa huduma ya awali ya afya ya akili.

Wazo hili si geni mkoani kwetu. Mpango wa taifa wa afya ya akili ulipoanza kushusha huduma hadi ngazi ya zahanati mwanzoni mwa miaka ya 1980, mikoa iliyochaguliwa kwa majaribio ilikuwa miwili, Morogoro na Kilimanjaro. Leo tunazo hospitali za Mawenzi na KCMC kwa huduma za kibingwa, lakini mgonjwa wa Kahe au wa Kibosho juu humkuta kwanza tabibu wa zahanati, ambaye asubuhi hiyo ana foleni ya homa, kliniki ya watoto na vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, vinavyomsubiri.

Mafunzo yalifuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ujulikanao kama mhGAP, toleo la mwaka 2016, ulioandikwa mahsusi kwa watumishi wasio mabingwa wa magonjwa ya akili. Unagusa sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha), saikosisi (mtu kupoteza mawasiliano na uhalisia), kifafa, ulevi, kujidhuru na mengineyo, na sifa yake kubwa ni kumwelekeza mtumishi swali la kuanza nalo. Somo lililozaa matunda mapema kuliko yote lilikuwa lile la mgonjwa aliyechanganyikiwa ghafla. Katika zahanati moja ya ukanda wa tambarare, kijana aliletwa jioni akiwa amefungwa kamba mikononi, ndugu zake wakiwa wameshakubaliana njiani kwamba amerogwa kwa sababu ya ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Muuguzi wa zamu, aliyekuwa ametoka mafunzoni muda si mrefu, aliomba kamba zifunguliwe, akampima joto, malaria na sukari. Malaria ilikuwapo, na sukari ilikuwa imeshuka mno. Alimwekea maji ya sukari kwenye mshipa, akamchoma sindano ya kwanza ya atesuneti, dawa ya malaria kali, na kumpa rufaa. Kabla ya mafunzo, kwa kauli ya muuguzi mwenyewe, angemchoma dawa ya usingizi na kuandika kichaa.

Somo lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa dodoso la sonona lenye maswali tisa, ambalo kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi humtaka mtumishi amchunguze mgonjwa kwa kina. Maswali manane ya mwanzo yalikwenda vizuri. La tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lilimshinda karibu kila mmoja katika maigizo ya darasani: wengine waliliruka, na wengine waliuliza, “Lakini mambo ya kujiua huna, sivyo?”, swali ambalo mgonjwa hulijibu kwa kutikisa kichwa tu. Palikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba kuuliza kunampandikizia mtu wazo hilo, jambo ambalo mwongozo wenyewe unalikanusha. Ya pili ni kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Msimamo wa kamati ni kwamba mgonjwa ahudumiwe kwanza na siri yake itunzwe, na kwamba anayeeleza mawazo hayo asipewe amitriptilini, dawa ya sonona, ya mwezi mzima kwa mkupuo, kwa kuwa dozi kubwa ya dawa hiyo huua.

Kuhusu ulevi sitasema mengi. Kila mmoja wetu anaijua mbege, pombe yetu ya ndizi, na anajua nyumba zilizoharibika. Jipya kwa wengi lilikuwa kwamba mnywaji wa miaka mingi anayeacha ghafla anaweza kupata degedege na kufa, hivyo ushauri wa “acha leo leo” ni wa hatari bila uangalizi.

Sasa niseme lililonifanya niandike taarifa ndefu kuliko kawaida. Tulipotembelea vituo miezi kadhaa baada ya mafunzo, tulikuta vyeti ukutani na daftari la wagonjwa wa nje lenye majina machache mno ya wenye matatizo ya akili. Kwingine aliyefundishwa alikuwa ameshahamishwa, na mrithi wake hakuwahi kuufungua mwongozo. Kwingine fenobabitoni, dawa ya kifafa, ilikuwa imekwisha, na mgonjwa wa kifafa aliyekaa vizuri kwa muda mrefu alirudi na degedege zisizokatika, kama inavyotokea dawa hiyo inapositishwa ghafla. Huduma iliendelea pale tu ambapo mratibu wa afya ya akili wa wilaya alifika, akakaa chumbani na tabibu, akapitia naye wagonjwa mmoja mmoja.

Kwa sababu hiyo kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao nusu ya fedha za mafunzo zihamishiwe kwenye usimamizi shirikishi, yaani ziara kama hizo za mratibu vituoni, kwamba kila zahanati iwe na watumishi wawili waliofundishwa ili uhamisho mmoja usifute kila kitu, na kwamba waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo, walio wanachama waingize dawa za kifafa na za magonjwa ya akili katika maoteo yao, yaani makadirio ya mahitaji ya dawa, badala ya kusubiri mgonjwa atokee ndipo waziulizie. Ninafahamu kwamba pendekezo la kwanza halitawafurahisha wote, maana semina ya ukumbini mjini ina posho, na ziara ya usimamizi ina vumbi la Kahe na, wakati wa masika, tope la Uru.

Suala hili litapigiwa kura mkutanoni. Mwanachama mwenye marekebisho ayawasilishe kwa katibu kwa maandishi kabla ya siku hiyo, na anayepinga aje na hesabu za kituo chake.

Mwenyekiti