Eko ya moyo ya Hamisi

Gulu, Jumapili jioni

Mpendwa dada Zaituni,

Salamu kwako, kwa Baba Hamisi na kwa wote hapo Arua. Kumbe Hamisi ameandikiwa eko Kampala, na jirani amekutisha kwamba mashine hiyo huchoma moyo! Si kweli, dada. Ni ultrasaundi, jamii ileile uliyopimwa ukiwa na mimba yake. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi.

Atavua shati, abandikwe waya kifuani, alalie ubavu wa kushoto, apakwe jeli. Kifaa kikikandamizwa katikati ya mbavu atasikia kubanwa kidogo. Ni nusu saa hivi, pengine zaidi. Mpe uji wake asubuhi. Wanaokaa bila kula ni wale wanaopitishiwa mpira kooni. Akiona nyekundu na buluu kwenye skrini asiogope: nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, buluu ni inayokwenda mbali nacho. Na mpimaji akinyamaza, usidhani ameona baya. Kazi ya kueleza majibu kwa kawaida ni ya daktari.

Kinachoninyima raha ni yale magoti ya Hamisi yaliyovimba baada ya koo kuuma. Homa ya baridi yabisi huanzia kooni hivyo hivyo, ikaja kuharibu vali za moyo, ile milango ya kupitisha damu, huku mtoto bado anacheza mpira. Daktari anaweza kusikiliza kifua asisikie kitu, na eko ikaona. Hapa Gulu walifuatilia watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 ambao eko iliwakuta na dalili za mwanzo tu. Matokeo yalitangazwa 2021: baada ya miaka 2, kati ya waliochomwa penisilini kila wiki 4, ni asilimia 0.8 tu waliozidi kuharibika vali, kati ya wasiochomwa, asilimia 8.2. Ndiyo maana nakusihi usiahirishe safari, hata nauli ikibidi kukopa.

Muulize daktari waziwazi: vali zinavuja? Zimekaza? Anahitaji sindano, na kwa miaka mingapi? Sindano hiyo inauma sana, Hamisi atalia, lakini akiandikiwa asikose hata moja. Omba nakala ya majibu uiweke pamoja na kitabu chake cha matibabu, maana eko ijayo italinganishwa na hii.

Ukitoka kwa daktari nipigie, hata kama ni usiku.

Akupendaye,
Mariamu