Anayeshauri kusimba diski aitaje na initramfs

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niongeze neno juu ya ushauri ambao wasimamizi wa seva za Linux hupewa kila mara, kwamba waunganishe diski zao kuwa safu ya RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, kisha waisimbe safu hiyo kwa LUKS, utaratibu wa Linux wa kuifanya diski isisomeke bila nenosiri. Ushauri ni mwema, lakini haugusi pale wengi wanapokwamia, yaani sekunde chache za mwanzo mashine inapowashwa.

Kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, peke yake haiwezi kuisoma diski kuu iliyosimbwa. Hutegemea initramfs, mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye kumbukumbu, ambao huunganisha safu kwa programu ya mdadm, huuliza nenosiri, huifungua safu kwa programu ya cryptsetup, huamsha LVM (mpango wa kuigawa diski katika sehemu) kama ipo, na ndipo mfumo kamili unapoanza. Kinachosahauliwa ni kwamba initramfs hubeba nakala zake yenyewe za mipangilio hiyo.

Niliwahi kuhamishia mfumo kwenye safu mpya, nikasahihisha mdadm.conf na crypttab, faili za mipangilio ya safu na ya usimbaji, nikawasha upya bila wasiwasi wowote. Safu niliyoipa jina la md0 ikajitokeza kama md127, initramfs ikaendelea kuingojea md0 isiyokuwapo, na baada ya muda nikatupwa kwenye mstari wa amri. Nilidhani diski imekufa, kumbe zote zilikuwa nzima. Nikaifungua safu kwa mkono, nikaandika exit, mfumo ukaendelea kuwaka. Dawa yenyewe ilikuwa amri moja ya kuiunda upya initramfs ili ibebe mipangilio mipya, update-initramfs -u, kwa wanaotumia Linux ya Debian na jamaa zake. Upande wa Fedora, toleo jingine la Linux, kazi hiyo hufanywa na programu ya dracut. Tangu hapo crypttab yangu hutaja UUID, yaani namba ya kipekee ya utambulisho, kwa kuwa majina ya diski kama sda na sdb hugawiwa kwa kadiri diski zinavyoonekana, na yanaweza kubadilika.

Jambo la pili ni kichwa cha LUKS, sehemu ya mwanzo ya diski iliyosimbwa, ambamo funguo hukaa. RAID haikilindi dhidi ya amri iliyokosewa, kwa sababu kosa huandikwa kwenye diski zote papo hapo. Nakala yake hutolewa kwa cryptsetup luksHeaderBackup na kuwekwa nje ya mashine hiyo, tena mahali pa siri, maana kwa nakala hiyo nenosiri la zamani huendelea kuifungua diski hata baada ya kubadilishwa kwenye diski.

Ningeomba waandishi wa makala za teknolojia wanapoeleza jinsi ya kusimba diski wazichapishe amri hizi mbili hapohapo.

Wako,
Msimamizi wa seva