Asante kaka fundi wa Temeke, sijui hata jina lako

Kaka uliyekuwa kwa jirani unatengeneza feni, nakushukuru sana tena sana. Friji ya mama ilikuwa inalia tik alafu inazima, mafundi wote wanasema kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya friji, imekufa nunua nyingine, na ukijumlisha kompresa, gesi na ufundi ni hela ndefu mno. We ukachomoa tu ile rilei ya pembeni ya kompresa, kile kidude kinachosaidia kompresa kuwaka, ukaitikisa ikalia kama njugu, ukasema hiki ndo kimevunjika. Ukaweka nyingine, ikawaka hapohapo, na ufundi ukagoma kulipwa jamani! Ukatueleza na kwanini frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji na umeme mbovu, inasubiri kwanza umeme ukirudi, kumbe presha ya gesi inatakiwa itulie ndo kompresa iwake bila kulemewa. Mama anauza juisi na barafu, umeokoa riziki yake. Mungu akuzidishie kaka.