Mazuku hayana harufu: barua kwa vijana wa chukudu na wamotari wa Goma

Wana wangu wa chukudu, magari yetu ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, na ninyi wamotari wa pikipiki mnaongojea abiria pale penye sanamu ya chukudu, nawasalimu. Ni mimi koko wenu, babu yenu wa Majengo, fundi wa mbao. Baadhi yenu hadi leo mnasukuma chukudu zilizotoka mikononi mwangu.

Jumamosi iliyopita tulimzika mwenzenu. Kwenye kilio niliwaona mmesimama nje ya ua, mikono mifukoni, macho makavu. Mmoja wenu akaniambia, "Koko, mie sisikii tena kitu moyoni." Wengine mkaitikia kwa kichwa, kana kwamba amesema neno la kiume. Usiku ule sikulala. Neno lile lilinitia woga kuliko risasi za Januari 2025, vita vilipoingia mjini.

Mazuku mnayajua. Ile hewa inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa tunayovuta, inatuama mashimoni na mabondeni kama maji. Haina rangi, na pua haikuambii kitu. Mbuzi anashuka kula majani, analala, basi. Mtoto mdogo vilevile, maana kichwa chake kiko chini, huku mama yake aliyesimama hapohapo bado anapumua. Mtu anayesema hasikii tena kitu, mimi namwona anateremka kwenye shimo la namna hiyo.

Tuanze na woga, kwa sababu ndio mnaouonea haya zaidi. Unateremka kutoka Kibumba na mzigo wa viazi na kabichi, mteremko unakuvuta, mara mtoto anavuka barabara. Mguu wako unakanyaga kile kipande cha tairi cha freni kabla hujajua umeona nini. Nani aliukanyagisha? Ni woga. Tezi mbili zilizoketi juu ya figo zimemwaga adrenalini kwenye damu, moyo unakimbia, damu inaenda miguuni, na tumbo linaacha kazi yake kwanza, ndiyo maana mdomo unakauka. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ilipoingia mjini ikakata njia hadi ziwani, miguu yangu ilikimbia hivyohivyo. Nilifika upande wa Gisenyi, Rwanda, na kiatu kimoja, mtoto mgongoni, wala sikumbuki nilimbeba saa ngapi. Woga ule ulitubeba sote wawili.

Na woga unafundishika. Mtoto wa mwaka mmoja akifika mahali asipopajua, anageuka kwanza kumtazama mama yake usoni. Akiona uso umeshtuka, anarudi nyuma. Hivyo ndivyo watoto wetu walivyojifunza kuepuka mabonde ya mazuku ambayo pua haikuweza kuwaonyesha. Sasa ninyi mkiwa na nyuso zisizosema kitu, wadogo zenu watasoma wapi?

Kinyaa nakigusa tu: ndicho kinachokunja pua na kukufanya uteme sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zilizooza kabla hazijafika tumboni. Lakini kina mipaka. Mwaka 1994, kolera ilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi hapa kwetu, kulikuwa na watu waliokunywa maji meupe, safi kwa macho, wakafa. Kwa hiyo siwaambii kwamba moyo unajua kila kitu.

Kuhusu hasira, watu wanasema hasira hasara, nami nakubali nusu. Nikiwa na umri wenu, mfanyabiashara mmoja aliniagiza chukudu sita akalipa nne. Nilicheka, nikasema si kitu, kwa sababu baba alinilea kwamba mwanaume anameza. Hasira ilikuwa imekuja kunieleza jambo rahisi: umedhulumiwa, nenda ukaseme. Ilikuwa imeniletea na nguvu ya kwenda kusema. Nilikataa kuisikiliza. Miezi mingi baadaye nikampiga mtoto wangu wa kwanza kwa ajili ya sahani iliyovunjika, nikampiga vibaya. Hasira ile ilikuwa ya yule mfanyabiashara, ilikosea nyumba. Mtoto huyo leo ni mtu mzima, nimemwomba msamaha, na bado naiona sahani ile. Wiki hii mmoja wenu amempiga abiria kwa ajili ya faranga 500. Mwanangu, sidhani kwamba ulikuwa unampiga yule abiria.

Mjukuu wangu anayesoma udaktari alinisimulia habari ya mgonjwa aliyechunguzwa Marekani na daktari Antonio Damasio. Alitolewa uvimbe kichwani, na sehemu ya mbele ya ubongo wake ikaharibika. Akili ilibaki: hesabu anajua, kumbukumbu anazo, mazungumzo mazuri. Lakini alizungumzia balaa lake mwenyewe kama habari ya mtu mwingine. Je, aliishi vizuri zaidi, bila hofu wala uchungu? Hapana. Alishindwa kuamua mambo ya kawaida ya siku, akapoteza kazi, ndoa ikavunjika. Hakuwa tena na kitu ndani cha kumwambia hili ni zito, lile ni jepesi. Ninyi ubongo wenu ni mzima, ila mnajizoeza kuufunga mlango huohuo.

Sasa huzuni, ambayo ndiyo hasa imenishikisha kalamu. Huzuni inamketisha mtu chini. Inamwondolea hamu ya chakula na nguvu ya kutembea, tunaona kama inamuua. Lakini tazameni kinachotokea pale anapoketi: majirani wanamwona. Machozi yanaonekana kutoka mbali, na anayeyaona anaguswa na huruma, miguu inamvuta. Huyu analeta bidoni ya maji, huyu makala ya kupikia, yaani makaa, yule sombe, majani ya muhogo, wengine wanalala pale uani siku tatu. Hata wale waliokuwa hawasalimiani wanakaa mkeka mmoja. Bila machozi ya mwenye msiba, nani angejua kwamba nyumba ile imebaki bila nguzo? Mkisimama nje ya ua na macho makavu, hamjanyimwa machozi tu. Mmenyimwa pia watu ambao wangekuja kwenu.

Najua mmezika wengi mno. Najua kuna siku mtu anafunga moyo ili aweze kusukuma mzigo hadi jioni, watoto wapate kula. Nami nilifanya hivyo, sitawahukumu. Ila jioni ikifika, ufungueni. Semeni na mke, na rafiki, na mimi hapa karakanani.

Mama wa marehemu anakaa Ndosho. Jumapili saa nane mchana natoka kwangu na magunia mawili ya makala, nahitaji chukudu mbili. Yule aliyeniambia hasikii kitu, namwomba ashike usukani wa ile ya kwanza. Tukifika, ataketi karibu na mama.