Hiyo kona inayokula mbolea bure, iacheni ipumzike

Ndugu mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyesema kumlipa mkulima aache kipande cha shamba bila kulima ni kulipa uvivu, nikaona hapana, hii siwezi kunyamaza. Mi nalima, na kila mkulima anaijua ile kona yake, pale maji yanapotuama au mteremko umekaa vibaya, unatia mbegu unatia mbolea unachoma dizeli, halafu inakuja mvua moja kubwa udongo wote uko mtoni, na utakachovuna hakirudishi hata hela ya mbegu. Uvivu uko wapi hapo?

Yangu nimeiacha mwaka wa nne sasa, nikaotesha nyasi. Mwaka wa kwanza magugu matupu, nikasemwa sana. Sa hivi ukipita asubuhi unasikia nyuki kabla hujawaona, na juzijuzi nusura nikanyage kiota, mayai matano yako chini kabisa kwenye mashina ya nyasi, mama yao akatoka anaburuta bawa kama limevunjika ili tu nimfuate yeye niyaache mayai.

Marekani wana mpango huu tangu sheria ya kilimo ya 1985, serikali inamlipa mkulima kila mwaka kama vile imekodi ile ardhi, mkataba miaka 10 hadi 15, yeye anaotesha nyasi au miti. Mwaka 2007 zilifika zaidi ya ekari milioni 36. Halafu bei ya mahindi ikapanda, mikataba ikaisha, wengi wakarudisha trekta shambani kulima. Ulaya nao 2008 wakalifuta kabisa sharti la mkulima kutenga sehemu ya ardhi bila kuilima, sababu ni hiyo hiyo, nafaka imekuwa ghali. Hapo ndo naumia, yaani udongo ulioshikwa na mizizi miaka kumi unapinduliwa asubuhi moja, na ndege waliozoea kutagia pale wakirudi wanakuta matuta.

Sisemi tuache ardhi nzuri, hiyo ilimwe. Nasema malipo yaangalie bei ya soko, sio mkulima anasaini leo kesho keshaachwa nyuma, na kwenye mkataba iandikwe wazi nyasi zisikatwe mpaka makinda yaruke, maana nimeona watu wanafyeka katikati ya msimu wa kutaga ili shamba lionekane safi.

Huyo msomaji akitaka aje aone. Mayai yameshaanguliwa, ila aje mapema kabla jua halijawa kali, na atembee polepole.

Mkulima, msomaji wenu