Katriji mpya, printa inakataa: soma hapa kabla hujamlaumu fundi

Malalamiko tunayoyasikia zaidi dukani kwetu, hapa Nasser Road, Kampala, ni haya: katriji ni mpya, jana ilichapa vizuri, leo kioo cha printa kinasema katriji haitambuliki. Wa kwanza kulaumiwa ni aliyeuza wino, na mara nyingi aliyeuza wino ni sisi.

Wino mbovu upo mjini, hatukatai. Upo unaoganda, upo uliochanganywa na maji. Lakini printa nyingi tunazoletewa kwa kosa hili hazijaharibika kitu. Zimeagizwa zigome, na aliyeziagiza ni kampuni iliyozitengeneza.

Geuza katriji uangalie ubavuni au chini. Utaona kijibamba chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kina vidoti vya rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo chipu. Haisukumi wino wala haiusafishi. Kazi yake ni kujibu maswali. Ukiwasha printa, inaiuliza: umetengenezwa na nani, umeshatumika kiasi gani? Jibu likiiridhisha, inachapa. Lisipoiridhisha, inakataa hata kama katriji imejaa pomoni. Tena kile kipimo cha wino unachokiona kwenye kompyuta, kwa katriji nyingi si wino uliopimwa. Ni hesabu ya matone yaliyotumika, kilichobaki kinakisiwa. Ndiyo maana ukiijaza upya kwa sindano, printa inaendelea kukuambia ni tupu.

"Lakini jana ilikubali!" Ndiyo, ilikubali. Kati ya jana na leo iliingia kwenye intaneti. Printa yenye wifi inaweza kujipakulia yenyewe programu mpya ya ndani bila kukuuliza, na programu hiyo ikaja na masharti mapya kuhusu chipu. Mteja wetu mmoja, mwalimu mkuu wa shule iliyo upande wa Ariwara, Kongo, alishuka kwenye basi la Arua na printa yake ndani ya gunia la mchele, mitihani ya muhula ikiwa bado haijachapwa. Muhula mzima alikuwa akitumia katriji zisizo za kampuni, bila shida.

"Mwalimu, uliiunganisha na intaneti?"

"Mimi? Hapana. Kijana wangu aliiunganisha na simu yake, achape picha moja tu."

Picha moja ilitosha. Mitihani tuliichapa kwenye mashine yetu, naye akarudi na chipu za toleo jipya na waya wa USB. Tangu hapo printa ile haijaona wifi.

Wengine hudhani tunatunga hadithi ili tuuze katriji nyingine. Haya mambo yako kwenye kumbukumbu. Septemba 2016, printa nyingi za HP za aina ya OfficeJet zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine kwa mkupuo, kwa sababu kizuizi kilikuwa kimeshapandwa ndani kabla, kinangoja siku yake. Watu walipiga kelele, HP ikaomba radhi kwa namna ilivyolieleza jambo hilo, ikatoa programu ya kuondoa kizuizi kwa baadhi ya printa, lakini utaratibu wenyewe haikuuacha. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya euro milioni 10, kwa kutowaeleza wateja waziwazi kwamba printa zao zina masharti hayo. Kampuni hujitetea kwamba inalinda ubora na usalama. Sisi tumefungua vichwa vya printa, yaani sehemu inayonyunyizia wino kwenye karatasi, vilivyozibwa na wino mbaya, kwa hiyo hatusemi hoja hiyo ni ya uongo mtupu. Ila mwenye printa ni yule aliyeilipia, na hatari ya wino wa bei nafuu ni yake kuipima. Kumuuzia mtu ng'ombe kisha ukabaki na kamba mkononi, huko si kumlinda ng'ombe.

Sababu yenyewe ni hesabu tu. Printa ndogo huuzwa kwa bei ya kuvutia, faida inakuja baadaye kwenye wino. Katriji inayokuja ndani ya boksi la printa mpya, kwa kawaida, ina wino kidogo kuliko ile utakayoinunua dukani. Na ile namba ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la tona (wino wa unga wa printa za leza) ya rangi nyeusi hupimwa kwa ukurasa ambao wino unafunika takriban asilimia 5 ya karatasi. Hiyo ni barua fupi. Karatasi ya mtihani wa sayansi yenye mchoro wa moyo na maswali yaliyobanana inakula zaidi ya hapo, kwa hiyo usitegemee kuifikia namba ile.

Kabla hujanunua printa ya mtumba kutoka Uingereza au Ulaya, soma jina la modeli mpaka herufi ya mwisho. Kwa HP, herufi ndogo e mwishoni ina uzito. Printa hizo ziliuzwa kwa mpango unaodai intaneti muda wote na wino wa HP wenyewe kwa maisha yote ya printa. Aliyeinunua Ulaya alipewa zawadi ya wino na muda mrefu zaidi wa dhamana ndipo akakubali. Wewe unayeipokea Kampala unarithi masharti bila zawadi. Kitu kingine ni kanda. Kampuni kadhaa zimeigawa dunia vipande, na katriji ya kipande kimoja hukataliwa na printa ya kipande kingine, ingawa namba ni ileile na zote ni halisi. Katriji iliyoletwa na ndugu yako kutoka Dubai inaweza kukataliwa na printa iliyotoka London. Hapo hakuna bandia wala mwizi, na hakuna wa kumrudishia.

Kwa anayechapa kila siku, mwenye duka la fotokopi, shule, kanisa au msikiti, ushauri wetu ni printa ya tangi, ile unayomimina wino kutoka kwenye chupa. Historia yake inafurahisha. Mafundi wa Asia walikuwa wanatoboa printa za katriji na kuzifungia mirija na vichupa vya wino pembeni, na kampuni zikiwapigia kelele. Mwaka 2010 Epson ikaanza kuuza printa za tangi za kiwandani, na ilianzia Indonesia. Mtaa ulitangulia, kampuni ikafuata.

Tangi nalo lina mtego wake, na huu ndio unaotumiwa na matapeli zaidi. Kila printa inaposafisha kichwa, wino unamwagwa kwenye sponji iliyo chini, ndani, usikoona. Printa inahesabu. Hesabu ikifika kikomo kilichowekwa kiwandani, taa zinapepesa na mashine inasimama kabisa, haichapi hata ukurasa mmoja. Haijaipima sponji, imefuata hesabu. Kuna programu ya kompyuta inayorudisha hesabu hiyo kwenye sifuri kwa dakika chache, na kuna vijana watakaokufanyia kwa bei ya soda. Tatizo ni kwamba sponji kweli hujaa. Ukirudisha hesabu bila kuigusa, baada ya muda wino unaanza kuvuja chini ya printa, unachafua meza na karatasi, na ukipata njia unafika kwenye umeme. Sisi tunafungua, tunabadilisha sponji au kuiosha na kuikausha vizuri, ndipo tunarudisha hesabu. Ndiyo sababu bei yetu ni kubwa kuliko ya kijana mwenye kompyuta mpakato mlangoni, na ndiyo sababu tunaomba utuachie mashine mpaka kesho yake.

Simu tunatengeneza pia, na ugonjwa ni wa ukoo huohuo. Ukibadilisha betri au kioo cha iPhone ya miaka ya karibuni, simu inaweza kukuonyesha ujumbe kwamba kipuri hakitambuliki, hata kama kinafanya kazi. Tunakuambia kabla ya kufungua, si baada ya kulipa. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia kampuni kufunga vipuri namna hii. Kwetu Uganda haijafika huko.

Lakini tuna sheria ya mwaka 2017 ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma, inayotaka bidhaa iwe na ubora wa kuridhisha na ifae kwa kazi uliyomwambia muuzaji. Kwa hiyo mwambie. Mwambie unataka kutumia wino gani, na akikubali, mwombe aandike kwenye risiti jina kamili la modeli na aina ya katriji. Sisi tunaandika. Muuzaji anayekwepa kuandika ameshakujibu.

Ukiileta kwetu, njoo na waya wa umeme wa printa, maana za zamani hazifanani, na boksi la katriji kama hujalitupa. Katriji iliyokwisha usiitupe pia, mara nyingine chipu yake inatusaidia. Kama bado inachapa, ingia kwenye mipangilio yake uzime apdeti za moja kwa moja, au uifunge wifi na kutumia waya. Na kama ni ya tangi, usiilaze ubavu kwenye boda boda. Ishike wima mapajani, vifuniko vya tangi vikiwa vimebanwa, na umwambie dereva aende polepole kwenye matuta.