Simu hawana, lakini hofu wanayo

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha barua ya mzee mmoja anayesema vijana wa siku hizi ni legelege, kila kitu wanakiita stresi, na kwamba dawa yao ni kunyang'anywa simu na kuamshwa alfajiri wakalime. Shikamoo yake naitoa hapa hapa, kisha naomba nafasi ya kumjibu. Mimi ni matroni wa hosteli ya wasichana katika shule moja ya sekondari huku Njombe. Simu kwetu ni marufuku. Ikikutwa kwenye tranka inalala ofisini mpaka mzazi aifuate. Saa kumi na moja alfajiri watoto wako macho. Bustani wanalima, maji wanachota, na baridi ya Julai ya huku haimwonei mtu huruma. Na bado hofu wanayo.

Siongelei ule woga wa usiku wa kuamkia mtihani. Huo kila mtu anao, na unasaidia kumfanya mtu afungue daftari. Naongelea hofu inayohamia kwa mtoto na kukaa. Wiki zinapita, usingizi hapati, chakula anakizungusha kwenye sahani, anasoma ukurasa mmoja jioni nzima, na ukimwuliza anaogopa nini hana jibu.

Kwenye chumba cha wagonjwa tuna daftari: jina, kidato, anaumwa nini, amepewa nini. Muhula mmoja nikawa nalipekua, nikaona jina la binti wa kidato cha tatu linajirudia. Tumbo, Jumanne. Tumbo, Alhamisi. Tumbo, Jumanne tena. Alishapimwa malaria, hana. Akaandikiwa taifodi, dozi akamaliza. Akaandikiwa UTI, akamaliza na hiyo. Mwisho akaambiwa ana vidonda vya tumbo, akakatazwa maharage, na hosteli yetu bila maharage ni kufunga. Tumbo likaendelea kuuma Jumanne na Alhamisi. Nikaenda kuitazama ratiba ya darasa lao. Siku hizo mbili vipindi vya kwanza ni Hesabu, na mwalimu wao alikuwa na desturi ya kuita mmoja mmoja ubaoni.

Hapo najua mzee wangu ameshatabasamu: si nilisema, mvivu wa Hesabu huyo. Huyo mvivu alikuwa akiamka usiku wa manane kufanya Hesabu kwa tochi chini ya blanketi. Daftari lake la mazoezi lilikuwa limeandikwa, limefutwa na kuandikwa tena hadi karatasi zikatoboka. Na tumbo lilikuwa linauma kweli. Mtu akiogopa, mwili unamwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linabaki linajisokota, viganja vinalowa jasho hata kwenye baridi. Akianza kuhema haraka haraka anatoa hewa ya ukaa kupita kiasi, vidole vinaingia ganzi, kichwa kinazunguka, naye anaamini kabisa kwamba anakufa. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia "acha kujidekeza" umemwongezea jambo la pili la kuogopa, nalo ni wewe.

Nilizungumza naye tukichambua mchele jikoni. Ofisini sikumwita, kwa sababu binti akiitwa ofisini anajua ana kesi. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye sinia, maneno yanatoka yenyewe. Hesabu hakuitaja kwanza. Alitaja miti. Baba yake ana shamba la misindano, na aliiuza kabla haijakomaa, kwa bei ya hasara, ili apate michango ya hosteli. Nyuma yake kuna wadogo wanaosubiri yeye afaulu ndipo wasomeshwe. Kila alipokosa swali ubaoni, aliona ile miti.

Mwalimu wake wa Hesabu, namshukuru, hakubisha nilipomweleza. Kwanza akamruhusu ajibu akiwa amekaa. Baadaye akawa anakwenda ubaoni na jirani yake wa dawati, wawili. Halafu peke yake, kwa swali aliloambiwa tangu jana yake. Mwisho akawa anaitwa kama wengine. Tumbo halikukoma mara moja, na moko ya mkoa, ule mtihani wa majaribio, ilipokaribia lilirudi kwa wiki kadhaa, lakini jina lake kwenye daftari langu likaanza kuwa la nadra. Vipindi vya Hesabu hatukumwondolea hata kimoja, na hapa nawaomba wazazi wenye huruma wanisikilize: mtoto anayeogopa shule ukimrudisha nyumbani "apumzike", wiki ikiisha hofu imekua maradufu. Hofu inashiba ikikwepwa. Inapungua ikisogelewa kidogo kidogo, na mtu wa kuaminika akiwa karibu.

Mwalimu huyo pia aliacha kusoma alama kwa sauti mbele ya darasa kuanzia wa mwisho. Sijui nani aliyeanzisha mila hiyo katika shule zetu, ila natamani astaafu.

Turudi kwenye simu. Januari 30, 1962, Tanganyika haijamaliza hata miezi miwili ya uhuru, wanafunzi watatu wa shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, upande wa Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Shule ilipofungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa: wanacheka, wanalia, wengine wanakimbia ovyo. Waliporudishwa makwao, hali hiyo ikatokea hadi Nshamba na vijiji vingine. Madaktari walitafuta kidudu, wakatafuta sumu kwenye chakula, hawakukuta. Pale shuleni, walimu hakuna hata mmoja aliyepatwa. Ni watoto tu, waliokuwa chini ya amri kali na mbali na mama zao. Ningependa kuambiwa Kashasha ya 1962 ilikuwa na simu gani.

Mabweni ya leo hali hiyo inaitwa kuanguka mapepo. Mmoja anapiga kelele usiku, na kabla hujamfikia wa tatu ameshaanguka. Mimi ni Mlutheri, kwaya nimeimba tangu usichana wangu, sala siikatai na mchungaji tunamwita. Ila kabla hajafika nina taratibu zangu: wanaotazama wanatoka nje, aliyeanguka anabaki na watu wawili watulivu, hakuna kumkandamiza, hakuna kumwagia maji. Akiwa ameanguka peke yake, amejing'ata ulimi au amejikojolea, huyo ni wa hospitali, huenda ni kifafa. Wengine nawaambia watoe pumzi taratibu kama wanaopuliza uji wa moto, mara nyingi, mpaka vidole viache kufa ganzi. Kesho yake, maombi yakishaisha, namkalisha aliyeanguka wa kwanza na kumwuliza yeye mwenyewe: mwanangu, nyumbani kuna nini? Mara nyingi kuna kitu. Mama anaumwa, au baba wa kambo haeleweki, au ada ya mdogo wake imekosekana. Mara nyingine hakuna kitu chochote, hofu tu, na hilo nalo nimejifunza kulikubali bila kumdai sababu.

Mzazi mwenye mtoto wa umri huo akiniuliza nimtazame kwenye nini, simtumi kwa mkorofi. Mkorofi walimu wote wanamjua. Namtuma kwa yule ambaye shuka la kitanda chake halina mkunjo, anayeomba samahani kwa mambo yasiyo na kosa, anayekuuliza mara nne kama umemkasirikia. Aliyeacha kuimba ilhali alikuwa mwimbaji. Anayeumwa kichwa kila Jumapili jioni. Anayekwenda chooni mara tano kabla ya mtihani. Anayekula kwa kulazimishwa, au aliyeanza kukataa siku ya kutembelewa kwa sababu ripoti itafunguliwa mbele ya shangazi. Wavulana uzoefu wangu ni mdogo, ni wa nyumbani tu, lakini kwa wanangu niliona hofu ikija na sura ya hasira: mlango unabamizwa, shule inatorokwa, halafu unaambiwa yuko kijiwe cha bodaboda. Na yeyote kati yao akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake, msisubiri Jumatatu. Mtu akae naye, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kupelekwa hospitali nako kuna mtihani wake. Ukimtajia mzazi daktari wa afya ya akili, anasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na akisikia Mirembe anaanza kukuuliza mtoto wake amevua nguo lini. Nimemwona baba akiondoka na binti yake kwa hasira kwa sababu ya rufaa hiyo tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la wanafunzi 49, hao ni 7. Wote hao saba hawaendi Dodoma. Wengi wanahitaji mtu mzima mmoja mwenye muda na anayejua anachofanya.

Muda ndio hakuna. Shule zetu zina mwalimu wa malezi, ila mwalimu huyo ndiye huyo huyo wa Kemia, ndiye wa zamu, ndiye msimamizi wa shamba la shule, na mlango wa ofisi yake unatazamana na wa mwalimu wa nidhamu. Mtoto gani ataingia hapo akitetemeka? Wenye mamlaka wa elimu wakinisoma, naomba wasituletee semina nyingine ya siku moja yenye soda na biskuti. Wampunguzie mwalimu wa malezi vipindi, wampe chumba chenye pazia, na sisi matroni tufundishwe pamoja naye, maana saa nane ya usiku yeye hayupo, nipo mimi.

Kuhusu mitihani, niliwapongeza Baraza la Mitihani walipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023 bila orodha ya shule na wanafunzi bora. Lakini kumi bora ile haikufa, imehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Mjomba aliyeko Makambako anaomba namba ya mtihani ya mtoto, anafungua matokeo kabla ya mtoto mwenyewe, anatuma na kikatuni cha kulia. Huyu mjomba hajawahi kununua hata kalamu.

Mhariri, matokeo yakitoka mtatuandikia nani kafaulu na shule ipi imepanda. Siku hiyo watoto wengine watakuwa wamejifungia chumbani. Gazeti lenu lina nafasi ya kutosha ya mikeka ya kubashiri mpira; naomba kwenye ukurasa ule wa matokeo muweke kisanduku kimoja chenye namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, na muandike kwamba kupiga ni bure. Herufi ziwe kubwa, za kusomeka hata kwa mwanga wa tochi.

Jina langu naomba msilichapishe, kwa ajili ya mabinti.

Matroni,
Njombe